Hatua Fupi za Dahir

Bismillahi.

Hodan mwanangu, mwalimu aliyenifundisha kuandika alisema barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Nakusikia kutoka hapa barazani ukigombana na zipu ya sanduku, na zipu inashinda. Alasiri tumeshaswali. Wifi yako Sahra hajarudi kutoka sokoni anakouza maziwa, kaka yako Yusuf yuko dukani anawauzia watu misumari, na kesho asubuhi gari la ofisi linakuja kukupeleka Banissa ukawe afisa wa ustawi wa jamii. Kwa hiyo nina kama saa mbili za kuwa baba mwenye maana. Nyingine zote nilizitumia kwa mizaha.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali changu kiko mdomoni tu, hakijawahi kuteremka mpaka mkononi. Herufi nilizipata ukubwani, kwenye darasa la ngumbaru, nikiwa turniboi wa lori la maji. Mwalimu Mutua wa Machakos ndiye aliyenishika mkono. Alinipa herufi zote, ile ya polisi mdomo wangu ukaikataa, nasema bolisi mpaka leo, lakini kwenye karatasi naiweka vizuri. Halafu Sahra hasomi Kiswahili, na hilo linanifaa, maana nina maneno juu ya geti lake.

Mambo ya neti, ya kuchemsha maji, ya kubeba sweta, Sahra amekuambia mara tatu mbele yangu. Hayo nayapita.

Jana nilikusikia kwenye simu. Ulijificha nyuma ya tangi la maji, ukadhani masikio yangu yalikufa siku moja na magoti. Ulisema, "Basi mpeni mtu mwingine hiyo Banissa. Siwezi kumwacha baba yangu afungiwe ndani." Nikaendelea kukoroma. Nakoroma vizuri sana nikiwa macho, hata marehemu mama yako hakuwahi kunikamata.

Sasa nataka uende. Lakini siwezi kukwambia nenda halafu ninyamaze, kwa sababu utanishinda kwa hoja, umesoma wewe. Kwa hiyo nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, na ukimaliza utaona mwenyewe.

Tuanze na kosa langu la karibuni, ambalo kila mtu analijua. Ile safari ya Dadaab. Nilitoka asubuhi kwenda soko la mifugo kuwachokoza madalali, nikamkuta dereva wa bauza la maji, mtoto wa dereva niliyefanya naye kazi zamani. Akaniita ami kwa Kisomali, "Adeer, panda tukumbuke siku zenu." Nikapanda. Simu ilikuwa imezima, na mimi nilikuwa nimewaka. Tukafika Dadaab, tukala pilau, kizunguzungu kikanishika, wakanilaza kwa watu wazuri, nikarudi siku ya tatu na kanzu ya kuazima. Nilikuwa nimeandaa kichekesho cha kuingilia mlangoni. Yusuf alikuwa amekaa pale chini kwenye mchanga. Alisema, "Aabo, nimetoka mochari. Wamenifungulia droo nne." Kichekesho kikanifia mdomoni.

Wiki iliyofuata ukaenda semina yako, na Yusuf akanunua kufuli. Wakitoka asubuhi, geti linafungwa kwa nje. Chai iko kwenye thamosi, wali uko chini ya sahani, maji ya udhu yako kwenye birika. Mpaka alasiri. Na shingoni akanivalisha ile kadi ya plastiki yenye jina langu na namba yake ya simu, hata nikiwa ndani, eti nizoee. Nikamwambia, "Waryaa Yusuf, umesahau kuandika bei." Hakucheka. Sahra ndiye aliyecheka, halafu akaziba mdomo kwa shungi.

Uliporudi ukakuta hivyo. Ukapigana na kaka yako mpaka majirani wakazima redio wasikie vizuri. Ukapata ufunguo wako, na tangu hapo mimi na wewe tunaenda msikitini, tunaenda kunyoa ndevu, kufuli limebaki pambo. Ndiyo maana unaogopa kesho. Hata mimi naogopa kesho, sikufichi. Najua asubuhi ya geti hilo inavyokuwa. Kivuli cha tangi kinatembea ukutani, mimi nakifuata na kiti, na saa nne inakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Unaswali, unakaa. Unasikia watu wanapita na habari zao. Mbuzi wa jirani anakuja kuchungulia chini ya mabati ya geti, ananiangalia, anakwenda zake. Mbuzi!

Halafu ukanisomea kile kijitabu chako cha semina, ile sehemu ya mwanzo inayoeleza maana ya maneno ya sheria. Unakumbuka nilivyokuchokoza? Nilikuuliza, "Sasa mimi sheria inaniita nani, mzee au mlemavu?"

Ukasema, "Aabo, wewe ni mtu mzima aliye hatarini."

"Hatarini kwa nani? Fisi?"

Ukasema, "Kwetu sisi."

Nikacheka, maana sikuwa na kitu kingine karibu. Lakini ulipokwenda kuoga nilikichukua kile kijitabu. Nilikisoma siku mbili, kidole chini ya mstari, kama Mutua alivyotufundisha. Nilidhani nitakuta maneno makubwa ya watu wabaya, kupiga, kuua, kuiba shamba. Yapo. Lakini yamekaa pamoja na maneno madogo ya watu kama sisi. Kumfungia mtu mzima asiyeweza kujifungulia. Kumfunga viungo. Kumfanya kichekesho mbele za watu kwa sababu ya udhaifu wake. Na chini yake imeelezwa kwamba kusema ulifanya kwa kumlinda hakutoshi. Lazima awe aliulizwa, lazima iwe njia ya mwisho, lazima iwe ya muda mfupi. Nikasoma, nikarudia. Nilikuwa namtafuta Yusuf humo ndani, Hodan, na nikamkuta baba yake.

Sasa nitakuambia habari za ami yako Dahir.

Utasema unazijua. Kile kisa cha kengele nimekisimulia tangu ukiwa unanyonya, na kila Idi mnanidai. Jinsi ndugu yangu Dahir alivyovaa koor, ile kengele ya mti ya ngamia, akatokea kwenye arusi ya watu kule Lafey, na bibi mmoja akatoka na kibuyu akidhani ngamia wa maziwa amekuja. Hapo mnacheka, na mimi naiga sauti ya bibi. Mwisho wake sikuwahi kuufikisha. Na mwanzo pia niliukata.

Dahir alikuwa mdogo wangu. Maneno yake hayakuzidi kumi, na matatu kati ya hayo yalikuwa majina ya ngamia. Lakini alikuwa na nguvu, na alijua wayo wa kila mnyama wetu mchangani kama wewe unavyojua sura za watu. Mama alipofariki, Mungu amrehemu, alinishika kidole akasema, "Dahir ni wako." Mimi nilikuwa kijana mwenye mke, mtoto mmoja na ngamia kumi na wanane wenye kiu. Na Dahir alikuwa na tabia ya kuondoka. Akiona nyayo anazifuata, za mtu yeyote, mpaka zitakapoishia. Mara moja alipotea siku tatu. Tulimkuta karibu na mpaka, midomo imepasuka, anacheka. Mimi nilikuwa nimekwisha chagua mahali pa kumzika.

Unaona? Droo nne za Yusuf, na mimi nilikuwa na zangu.

Wewe hukukulia porini, kwa hiyo nikueleze. Jioni ngamia akirudi, unamfunga miguu ya mbele kwa kamba fupi tunayoiita dabar. Anaweza kusogea, anakula kidogo, lakini hafiki mbali. Hakuna anayeona ni ukatili. Ngamia unayemfunga vizuri zaidi ni yule mwenye maziwa mengi, kwa sababu huyo ndiye usingependa simba amwone. Kwa hiyo asubuhi moja, nikiwa na safari ya siku mbili kisimani, nilikaa chini mbele ya Dahir nikamfunga dabar. Nilisokota kamba laini, mpya, niliifanyia kazi jioni nzima. Nilijiona ndugu mwema. Yeye alitazama mafundo, akanitazama mimi, akasema jina la yule ngamia wetu mkubwa. Nikacheka. Nilidhani amenitania.

Nilimfunga miaka minne, Hodan.

Si kila siku, nitasema hivyo kwa sababu mtu akishtakiwa hutafuta pa kushika. Siku za kisima, siku za mnada, siku za mvua, siku nilizochoka. Mwisho ilikuwa kila siku. Na alipojifunza kuruka na miguu imefungwa, akawa anafika mbali hivyo hivyo, ndipo nilipomvalisha ile koor nimsikie. Watu wakacheka. Mimi unanijua, watu wakicheka naongeza. Nikawa nampigia ule mluzi tunaowapigia ngamia wakinywa, naye anainamisha kichwa. Wageni wakija kambini waliomba waonyeshwe. Na Dahir mwenyewe alicheka! Hilo ndilo nililojifichia miaka yote, kwamba alicheka. Leo nafikiri mtu mwenye maneno kumi, akikuta watu wote wanacheka, atafanya nini?

Aliyemwondolea kamba hakuwa mimi. Alikuwa mjomba wetu, mzee mkali asiyejua mzaha. Alikuja kunywa maziwa, akamwona, akakiweka chini kibuyu cha maziwa bila kuonja. Kwetu hiyo ni kama kukutemea mate. Alitoa kisu, akakata dabar, akakata na kamba ya kengele, akanitupia kengele mapajani. Akaniambia, "Vaa wewe." Akaondoka na jua lote lile.

Nilikasirika, nikasema mzee amezeeka. Lakini sikumfunga tena. Na sasa ule mwisho niliowanyima. Dahir aliishi miaka mingi baada ya hapo, mpaka homa ilipomchukua ukiwa hujazaliwa. Miguu ilikuwa huru. Lakini alitembea hatua fupi, hivi, kisigino kinagusa kidole, kama kamba bado ipo. Mpaka siku ya kufa. Ukimshika mkono ukamvuta atoe hatua ndefu, alikuwa anaanguka. Na nyayo hakuzifuata tena. Anaziona, anasimama juu yake, anageuka.

Na ile kamba, siku zile za arusi na wageni, ilikuwa na mkia mrefu uliobaki baada ya fundo. Nani alikuwa anashika ule mkia kumwongoza Dahir, unajua? Mtoto wangu wa kwanza, miaka sita, meno ya mbele hayapo, anaona fahari kupewa kazi ya wakubwa. Yusuf.

Kwa hiyo unapomwambia kaka yako, "Nani alikufundisha kumfungia mtu mzima?" naye anakaa kimya, usidhani ni kiburi. Nimemwangalia usoni. Anatafuta jibu na hajui pa kulipata. Alijifunza kupenda mtu akiwa ameshika mkia wa kamba, na mwalimu alikuwa mimi. Yeye kumbukumbu imemtoka. Mikono haikusahau.

Bado moja, halafu Sahra atarudi.

Wiki ile ya semina yako, Mutua alikuwa anakuja kila asubuhi kunitembelea getini. Anakaa kwenye jiwe nje, mimi kwenye kiti ndani, tunaongea kwenye ule mwanya. Ananiita mahabusu. "Mahabusu, hujambo? Wamekuletea uji?" Namwambia, "Wewe Mkamba, ukija mikono mitupu askari hawakuruhusu." Tunacheka, anasoma gazeti, ananipitishia ukurasa wa michezo chini ya mabati. Siku ya nne tumekaa hivyo mpaka saa nne na nusu. Akainuka kuondoka, goti likamwuma, akashika geti ajiegemeze. Geti likafunguka.

Sahra alikuwa amesahau kufunga. Lilikuwa wazi tangu asubuhi. Tumekaa saa mbili wazee wawili tunaongea kwenye mwanya, na hapakuwa na kufuli.

Mutua akasema, "Kumbe! Haya mzee, toka, twende chai ya maziwa pale kwa Habiba."

Niliinuka. Walahi niliinuka, nikashika bakora. Nikafika pale mstari wa geti ulipo chini, pale mchanga wa ndani na wa nje unapokutana, nikasimama. Barabara naiona. Punda wa maji anapita. Nikasema, "Leo jua kali. Kesho." Nikageuka nikarudi kwenye kiti.

Mutua hakucheka. Miaka thelathini na kitu tunajuana, hata kwenye matanga hutafuta pa kuchekea, siku hiyo alilirudisha geti polepole kama mtu anayefunika mgonjwa. Nilipotembea kurudi nikatazama chini nione nimepitaje. Mchangani kulikuwa na nyayo zangu, na nilizijua. Kisigino kinagusa kidole.

Hilo ndilo sikukwambia uliporudi. Ulidhani ukipata ufunguo nimepona. Ninapotoka na wewe natoka kwa sababu umenishika mkono. Peke yangu bado sijauvuka ule mstari.

Sasa sikiliza. Ukibaki hapa kwa ajili yangu, nitakuwa na mtu wa kunitoa kila siku, na wewe utakuwa na kamba. Itakuwa laini, mpya, nitaisokota mwenyewe kwa mizaha na dua, na baada ya miaka minne utakuwa unageuka ukiona nyayo. Nimeifanya kazi hiyo mara moja. Sitaki tena.

Zile fomu mbili ulizoniachia mezani, za malalamiko, moja nimeijaza. Usiruke kwa furaha. Mahali pa aliyetendewa nimeandika Dahir. Mahali pa mtendaji nimeandika majina yangu yote matatu, na kwenye maelezo nimeweka kamba, kengele na mluzi. Ofisi yako haitajua iifanyie nini, mshitakiwa mzee na mlalamikaji marehemu, lakini iweke kwenye faili lako la kwanza. Pamoja nayo utaikuta koor yenyewe, ndani ya sanduku, imefungwa kwenye lile dera lako la kijani. Ndiyo sababu zipu haifungi, nisamehe. Huko Banissa watakuja watu wazuri wa kila namna wakwambie, "Tunamfunga kwa sababu tunampenda," na watakuwa wanasema kweli. Usiwapigie kelele kama ulivyompigia kaka yako. Wawekee hiyo kengele mkononi, waulize, kama mtu angewauliza wao kwanza, wangejibu nini.

Fomu ya pili ninayo. Jioni hii nitamwita Yusuf hapa barazani, wewe na Sahra mkiwepo, nimsimulie kisa cha kengele mpaka mwisho. Halafu nitamwomba mambo mawili. Ufunguo wangu mwenyewe, na hii kadi ya shingoni niiweke mfukoni mwenyewe, kwa sababu ya kizunguzungu, hilo sina ubishi nalo. Nami nitamwahidi simu yenye chaji na kuaga kabla ya kupanda lori la mtu. Aliwahi kuniuliza ninachotaka? Hakuwahi. Nami sikuwahi kumwambia, nilikuwa nafanya mzaha wa bei. Lakini nikiona kufuli limerudi kwa nje, hata siku moja, fomu ya pili itajazwa, na Mutua ataipeleka kwa wenzako hapa Garissa kabla chai yake haijapoa. Ameapa kwa Biblia yake, nami nimemwapisha tena kwa njia yangu. Yusuf ni mtoto wangu, na ni kwa hilo sitamwachia miaka minne.

Basi ombi moja kwako. Kesho gari likipiga honi, usiniage humu ndani. Usinishike mkono. Toka, upakie sanduku lako, halafu simama ng'ambo kwenye lami, mahali ninapokuona. Geti liwe wazi. Yusuf asimame hapo hapo pembeni aone.

Kutoka kitandani kwangu mpaka kwenye ule mstari, tulipojenga nyumba hii, zilikuwa hatua ishirini na tisa. Leo asubuhi nimehesabu hamsini na moja. Kutoka mstari mpaka ulipo wewe sijui, sijapita peke yangu. Nihesabie. Hesabu kwa sauti nisikie, kwa Kisomali, usiharakishe, hata dereva akinuna. Nikigeuka, usirudi kunichukua. Nyamaza tu nami nitajua nimefika ngapi, na kesho kutwa nitaanzia hapo.

Sahra amefika, namsikia anatafuta kufuli. Nimemwambia geti liko wazi.

Baba yako.